Namna ya Kupanga Vifaa vya Nyumbani Ili Viwe vya Wenye Nyumba Wote Wawili

Katika nyumba nyingi za watu wawili, mmoja ndiye anayejua. Yeye ndiye anayenunua umeme kwa simu, anayekumbuka neno la siri la Wi-Fi, na anayefahamu kitufe cha rimoti kinachorudisha picha pale king'amuzi kinapoandika kwamba hakuna mawimbi. Mwenzake huuliza, husubiri, na wakati mwingine hukaa gizani mpaka mjuzi arudi. Siku ambazo wote wawili wapo, mpangilio huo hauonekani kuwa na madhara yoyote. Madhara hujitokeza mmoja anaposafiri kikazi kwenda Dodoma, anapolazwa hospitalini, au simu yake inapoibiwa kituoni pamoja na kila kilichohifadhiwa ndani yake. Mwongozo huu ni wa wanandoa na wenza wanaoishi pamoja, hasa katika miji ya Tanzania, na unasimamia jambo moja: kifaa kinachotumiwa na wote kieleweke na wote, na kifaa cha mtu binafsi kibaki chake mwenyewe.

Kuandika na kufundishana

Tafuteni jioni moja isiyo na wageni, mchukue daftari la kawaida, kisha mpite nyumba nzima kuanzia kwenye mita ya umeme hadi chumbani. Andikeni namba ya mita, namba ya kadi ya king'amuzi, jina la Wi-Fi na neno lake la siri, tarehe ambayo kila kifurushi huisha, namba ya simu ya fundi mnayemwamini, na mahali zilipo risiti na hati za dhamana za friji, televisheni na jiko. Kuna watakaouliza kwa nini yasiandikwe kwenye simu. Sababu ni kwamba simu ndiyo inayozimika, inayoibiwa na inayofungwa kwa namba ya siri, ilhali daftari husomeka hata kwa mwanga wa mshumaa. Namba za siri za benki na za huduma za fedha za simu haziandikwi humo kamwe, kwa sababu daftari hilo litaonekana pia na dada wa kazi, na ndugu waliokuja kutembea, na watoto.

Baada ya kuandika, fundishaneni, na hapa namna ya kufundisha ina uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Anayejua akae na mikono yake mapajani. Rimoti iwe mkononi mwa anayejifunza, na simu itakayonunua umeme iwe ya anayejifunza, hata kama kila hatua itachukua muda mara tatu zaidi. Kishawishi kikubwa ni kumnyang'anya mwenzako kifaa na kusema, "Lete, ngoja nikufanyie." Ukifanya hivyo kazi inakwisha upesi, lakini mwenzako anakuwa amejifunza kwamba hiyo si kazi yake. Mwache abonyeze mwenyewe, akosee, arudi nyuma, afike. Kesho yake arudie mbele yako bila kuambiwa neno, na hapo ndipo utakapojua kwamba amejua.

Umeme

Kwa anayetumia LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa, jambo la kwanza ni kwamba kila mmoja awe amewahi kununua umeme kwa simu yake na kuingiza namba kwenye mita kwa mkono wake. Namba hiyo ina tarakimu 20, nayo hufanya kazi tu kwenye mita ambayo umeme huo ulinunuliwa kwa ajili yake, kwa hiyo kosa katika namba ya mita linaweza kupeleka fedha zenu kwenye nyumba ya mtu mwingine. Wengi wanakumbuka mwaka 2024, mita zilipohitaji kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba: mteja alipata makundi matatu ya tarakimu 20, akatakiwa kuyaingiza kwa mpangilio uleule aliotumiwa, na ndani ya nyumba ambazo mjuzi alikuwa safarini mtu alilazimika kusomewa tarakimu 60 kwa simu. Kama mita yenu iko nje kwenye nguzo, na ndani kuna kile kifaa kidogo cha kuingizia namba, andikeni kwenye daftari aina ya betri zake na muweke za akiba.

Jambo la pili ni kuondoa ugomvi wa nani anamaliza umeme, ugomvi ambao kwa kawaida huendeshwa bila hesabu. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima. Televisheni ya wati 50 inaweza kuwaka saa 20 ndipo imalize uniti moja. Hita ya bafuni ya wati 4,000 inaimaliza uniti hiyohiyo kwa dakika 15. Kwa hiyo anayelaumiwa kila usiku kwa sababu ya tamthilia zake huenda hana kosa lolote, na uniti zinakwisha asubuhi, maji yakiwa ya moto na mlango wa bafu umefungwa. Geuzeni kila kifaa, msome wati zilizoandikwa nyuma au chini yake, mkadirie saa kinazowaka kwa siku, kisha mzidishe. Hesabu hiyo ina faida zaidi kwa wateja wa kundi la D1, ambao bei yao nafuu inategemea matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi.

Umeme ukikatika, chomoeni televisheni na kompyuta kwenye soketi, kwa sababu hatari huwa kubwa zaidi pale umeme unaporudi kwa kishindo. Friji iwekewe kifaa chake cha kuilinda, kile kinachochelewesha umeme kwa dakika chache baada ya kurudi, ili mtambo wa kupozea usilazimishwe kuanza kazi kabla mgandamizo wa gesi ndani yake haujatulia. Kifaa hicho ni rahisi sana ukilinganisha na bei ya kubadilisha mtambo wenyewe. Wote wawili wajue pia ilipo swichi kuu ya nyumba na namna ya kuizima, maana waya ukianza kunuka hakuna muda wa kumpigia mtu simu.

Intaneti

Hapa maelezo ni mafupi. Ruta iwekwe mahali pa juu na pa wazi, karibu na katikati ya nyumba, si ndani ya kabati wala nyuma ya friji. Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 2.4 hufika mbali na kupita kuta vizuri zaidi, na ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini huchoka upesi. Televisheni iliyo chumba kimoja na ruta iunganishwe kwenye gigahezi 5, na simu za chumbani zibaki kwenye 2.4. Badilisheni neno la siri lililokuja na ruta, na pia lile la kuingilia kwenye mipangilio yake, ambalo watu wengi huliacha kama lilivyotoka dukani. Kama ruta yenu inaweza kutengeneza mtandao wa wageni, utengenezeni, ili shemeji akija asihitaji kupewa neno la siri la familia. Ruta ikitegemea umeme unaokatika mara kwa mara, kuna betri ndogo zilizotengenezwa kwa ajili yake. Kabla ya kununua hakikisheni volti zake zinalingana na zilizoandikwa kwenye adapta ya ruta.

Wanaotumia bando la simu na kuwasha mtandaopepe ili simu moja iigawie nyingine au televisheni, wafahamu ni nini kinachomaliza bando. Kutazama video kwa Netflix katika ubora wa kawaida hutumia hadi gigabaiti 1 kwa saa, na katika ubora wa juu hadi gigabaiti 3. Tofauti hiyo haionekani sana kwenye kioo kidogo, ila kwenye bando huonekana usiku uleule. Shusheni ubora wa video, zimeni upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe ndani ya WhatsApp, na masasisho ya programu yasubiri kifurushi cha usiku.

Jioni ya pamoja

Vifaa vyote vilivyotajwa vinalipiwa ili watu wapumzike, na ni hapo hasa ndipo nyumba nyingi zinaposhindwa. Watu wawili huketi kwenye kochi moja, televisheni inazungumza peke yake, na kila mmoja amezama kwenye simu yake mpaka saa tano usiku. Hawajagombana, hawajazungumza, na hakuna aliyepumzika. Sioni ubaya wa televisheni wala wa simu. Tatizo ni kwamba hakuna aliyechagua jioni iwe hivyo. Ilijitokeza tu, ikawa mazoea.

Dawa yake ni kupanga jioni mapema, kwa maneno machache, wakati wa chakula. Mwenye jioni ya leo ni nani? Kama leo kuna mechi ya Simba na Yanga na mmoja wenu hawezi kuikosa, iwe ni jioni yake, na mwenzake aamue waziwazi ama kuitazama naye ama kufanya jambo lake chumba kingine bila kununa. Kesho yake zamu ni ya mwenzake, na zamu hiyo iheshimiwe hata kama kuna mechi nyingine. Zamu zikichanganyika kwa sababu vipindi viwili mnavyovipenda viko saa ileile, angalieni kama king'amuzi chenu kinaweza kurekodi kwenye fleshi, kwa sababu baadhi vinaweza, na vituo vingi huweka vipindi vyao kwenye YouTube baadaye. Katika programu za filamu, kila mmoja awe na wasifu wake. Mnapotumia wasifu mmoja, programu huchanganya mapendekezo ya watu wawili, na mahali ulipoishia kwenye tamthilia hupotea kwa sababu mwenzako ameendelea mbele.

Kipindi mnachokifuata wote kiwe na sharti lake: hakuna anayetangulia. Litaonekana kuwa jambo dogo kwa asiyewahi kutanguliwa vipindi vinne na mtu aliyeahidi kusubiri, kisha akaketi naye huku mtu huyo tayari anajua nani atakufa. Mkichelewa siku moja, ahirisheni wote.

Simu zikae mahali fulani wakati wa kutazama, juu ya kabati au kwenye meza ya chakula, zikiwa na sauti kwa ajili ya simu za dharura tu. Simu za Android zina sehemu iitwayo Usinisumbue, ambamo unaweza kuruhusu watu wachache, kwa mfano mama mzazi, watoto walioko bweni na msimamizi wa kazini, wapite hata wakati simu imenyamazishwa. Itengenezeni mara moja, mpange muda wake ujiendeshe, labda kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku. Mtu ambaye kazi yake humlazimu kupatikana, kama muuguzi, fundi wa dharura au dereva, aseme mapema kwamba usiku huu yuko zamu, ili mwenzake asiseme kila simu inayoita ni dharau.

Sauti ya televisheni nayo husababisha ugomvi usio wa lazima. Mmoja husikia vizuri, mwingine hasikii maneno, na sauti hupandishwa na kushushwa usiku kucha. Ingieni kwenye mipangilio ya sauti na mjaribu ile iliyotengwa kwa ajili ya mazungumzo au habari, ambayo huinua maneno na kupunguza muziki. Washeni pia maandishi ya chini ya picha pale yanapopatikana. Televisheni iliyobanwa ukutani au kusukumwa ndani kabisa ya kabati hutoa sauti iliyoziba, kwa kuwa spika zake mara nyingi ziko nyuma au chini, na kuivuta mbele kidogo kunaweza kumaliza tatizo lote.

Tena wekeni jioni moja katika wiki isiyo na kioo chochote. Bao, karata, keram na drafti havihitaji bando, na redio yenye betri inatosha kuleta muziki na taarifa ya habari. Jioni ya namna hiyo hujengeka kwa mazoea. Mara ya kwanza huwa ndefu na ya kuchosha, na watu wengi huiacha hapohapo. Endeleeni kwa mwezi mzima kabla ya kuamua. Umeme ukikatika mtakuwa tayari mmeshajua la kufanya, na kete zitakuwa zinajulikana zilipo.

Simu ni ya mwenyewe

Watu wengi wanaamini kwamba mapenzi ya kweli ni kupeana namba za siri za simu. Mimi sikubaliani nao, na ninasema hivyo nikijua kwamba wapo wanaoishi vizuri kabisa kwa mpango huo. Ndani ya simu yako kuna siri za dada yako aliyekuandikia usiku, za rafiki anayeumwa, za wateja na wafanyakazi wenzako, na hakuna hata mmoja wao aliyekubali kusomwa na mwenza wako. Sheria nayo ina neno lake: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 imefanya kuwa kosa kuingia kwa makusudi na bila idhini katika mfumo wa kompyuta, na simu ya leo ni kompyuta kamili. Kama kuna shaka kati yenu, shaka hiyo izungumzwe ana kwa ana, maana kupekua simu ya mtu aliyelala hakujawahi kurudisha uaminifu.

Yapo hata hivyo mambo ambayo kila mmoja ayafanye kwenye simu yake kwa faida ya wote. Jaza maelezo ya dharura yanayoonekana bila kufungua simu: jina la mtu wa kupigiwa, kundi la damu, na dawa zinazokudhuru. Ndani ya WhatsApp, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa hadi vinne, na usichokitambua kiondoe papo hapo. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, ule wa namba ya siri ya tarakimu sita, kwa kuwa akaunti iliyotekwa hutumiwa kwanza kuwaomba fedha watu wa nyumbani kwako. Kubalianeni pia, kwa mdomo, kwamba ombi lolote la fedha linalokuja kwa ujumbe kutoka kwa mmoja wenu halitatimizwa kabla sauti yake haijasikika.

Usiku, simu zichajiwe nje ya kitanda. Betri hupata joto inapochajiwa, na ikifunikwa na mto au shuka joto halina pa kutokea. Anayetumia simu kama saa ya kumwamsha anaweza kununua saa ndogo ya mezani. Bei yake si kubwa, na asubuhi hataanza siku kwa kusoma ujumbe wa kazini kabla hajamsalimu aliyelala pembeni yake.

Kuhusu fedha, namba ya siri ya M-Pesa au ya benki ni ya mwenye akaunti peke yake. Kinachopaswa kujulikana na wote ni malipo: umeme unalipwaje, maji yanalipwaje, king'amuzi kinalipwa lini, kodi ya nyumba inapelekwa kwenye akaunti gani, na namba za kumbukumbu za malipo zinapatikana wapi. Badilishaneni kazi hiyo kila mwezi, mwezi huu mmoja, mwezi ujao mwingine, ili wote wawili wajue gharama halisi ya kuendesha nyumba yao.

Picha na akaunti

Picha za harusi, za mtoto akiwa na siku moja, za bibi aliyekwisha kufariki, mara nyingi ziko kwenye simu ya mmoja tu, na hazina nakala. Hadi tarehe 1 Juni 2021, Google Photos ilihifadhi picha zilizopunguzwa ubora bila kikomo na bila malipo. Tangu siku hiyo kila picha mpya inahesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure, ambazo zinagawanywa na barua pepe na hati nyingine. Ndiyo maana simu za watu wengi zinasema nafasi imejaa. Programu hiyo ina mpango wa kushirikiana na mwenza, ambao hupeleka picha za mmoja kwa mwingine zenyewe, na unaweza kuuwekea mpaka, kwa mfano ziende picha zenye sura ya watoto tu, au zilizopigwa kuanzia tarehe fulani. Tumieni mpaka huo, kwa sababu si kila picha ya risiti na ya mkutano inamhusu mwenzako. Mara moja kila baada ya miezi michache nakilini picha zote kwenye diski ya nje, kisha diski hiyo itunzwe mbali na kompyuta, ikiwezekana kwa wazazi au kwa ndugu, ili mwizi mmoja asiondoke na simu, kompyuta na nakala kwa safari moja. Zile kumi au ishirini mnazozipenda zaidi zipelekeni studio zichapishwe.

Mwisho ni akaunti zenyewe, na ninajua kuwa wengi hawapendi kulizungumza jambo hili. Google inaweza kufuta akaunti binafsi isiyotumiwa kwa miaka miwili, pamoja na picha zake zote, kwa hiyo akaunti ya mtu aliyefariki haitabaki hapo milele ikisubiri familia itulie. Ndani ya mipangilio ya akaunti kuna sehemu ya kusimamia akaunti isiyotumika: unachagua muda wa kimya, kuanzia miezi mitatu hadi kumi na minane, kisha unataja watu hadi kumi watakaojulishwa, na ni taarifa zipi kila mmoja apewe. Unaweza kumpa mwenza wako picha na kuacha barua pepe zifutwe. Uamuzi ni wako. Wenye iPhone wanayo nafasi ya kumtaja mtu wa kurithi akaunti, na mtu huyo hupewa ufunguo maalumu ambao ni vyema akauchapisha kwenye karatasi na kuuweka pamoja na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, kwani ataombwa ufunguo huo pamoja na cheti cha kifo.